Wachicano gei na michoro ya ukutani: nani anaijua hii stori?

rangi_kondele
Wasee niaje, mi huchora kuta za shule na vibanda huku Kisumu, sasa juzi nikiangalia michoro ya Wachicano (wale Wamarekani wa asili ya Mexico) nikapata kuna magei kwao wanajichora ukutani mchana kweupe, na kuna mchoro mmoja ulichomwa. Ulichomwa nini na ni Marekani??

brashi_moja
Hiyo ni Por Vida ya Manuel Paul wa Maricón Collective (kundi la wasanii magei Wachicano), 2015, ilikuwa ukuta wa Galería de la Raza huko mtaa wa Mission, San Francisco. Wanawake wawili wamekumbatiana, wanaume wawili, na katikati mwanaume trans (alizaliwa akihesabiwa msichana) na makovu ya upasuaji kifuani. Watu wakaupulizia rangi tena na tena, mwishowe Juni mwaka huo wakauwasha moto. Na hiyo galari ilianzishwa 1970 na wasanii wa Chicano wenyewe! Kilichouma nadhani ni vile walichorwa kama vijana wa lowrider (yale magari ya Wachicano yaliyoshushwa chini) kabisa, si wageni, ni wa mtaa.

nyarkano
Na si mara ya kwanza. Alma López, msanii Mchicana, 1999 alitengeneza Bikira wa Guadalupe (Bikira Maria wa Wamexico) amevaa maua ya waridi tu, ilipowekwa makumbusho ya Santa Fe 2001 Wakatoliki waliandamana hadi askofu mkuu akaingilia. Sasa weka hiyo picha nje ya kanisa hapa kwetu uone moto. Mi napenda zaidi mpiga picha Mchicana Laura Aguilar, yeye alienda tu Plush Pony, baa ya wasagaji Los Angeles, 1992, akapiga wateja picha wakiwa wametulia hivyo.

mzee_wa_stendi
Mambo yao siyaungi mkono vijana wangu, lakini kuchoma ukuta wa mtu ni ushenzi.

rangi_kondele
Asante mzee. Mi nafikiria kufanya kitu kama hicho, ukuta upo na mwenye ploti ni rafiki.

brashi_moja
Bro pole pole. Kifungu cha 162, ile sheria ya Kenya inayofunga magei, bado kipo, mahakama ilikataa kukiondoa 2019, na hata kama kuchora si hatia huyo rafiki yako atavunjiwa madirisha kwanza. Afadhali ufanye kama msanii Mchicano Joey Terrill, mwishoni mwa miaka ya 70 alitoa Homeboy Beautiful, kijigazeti cha kuchekesha kuhusu mahomboi (vijana wa mtaa) gei, kinapita mkono kwa mkono. Karatasi na fotokopi tu.

nyarkano
Hiyo ya kijigazeti mi niko ndani, maandishi niachie.