Zanjan ni mji wa Waajemi au wa Waturuki?

Mkaazi wa Makunduchi aliuliza:
Assalaam alaykum. Mdogo wangu anatafuta nafasi ya kusoma fizikia katika mji wa Zanjan, kaskazini-magharibi ya Iran, na nyumbani kumezuka ubishi. Sisi tunaokoga Mwaka, yaani sherehe yetu ya mwaka mpya, kila mwaka, huku tukiambiwa kuwa ada hiyo ina asili ya Uajemi, tulidhani kila mtu wa Iran ni Mwajemi. Sasa jirani yetu aliyewahi kupita huko anasema kuwa sokoni Zanjan utasikia Kituruki zaidi kuliko Kiajemi. Je, ni kweli? Na kijana ajifunze lugha gani kabla ya kuondoka?

Maalim wa Historia alijibu:
Waalaykumu salaam. Jirani yenu amesema kweli. Wenyeji wengi wa Zanjan ni Waazeri, ambao lugha yao ni ya ukoo wa Kituruki, na Waajemi ni wachache mjini humo. Kituruki kiliingia huko na makabila yaliyofuatana na Waseljuki, watawala wa asili ya Kituruki, kuanzia karne ya 11, kikaongezeka nguvu wakati wa Wamongolia, ambao mfalme wao Öljaitü alijengewa kaburi pale Soltaniyeh, si mbali na Zanjan, kati ya 1302 na 1312. Kuba lake lina urefu wa karibu mita 50, na kijana asiondoke huko bila ya kuliona. Kabla ya hapo watu wa eneo hilo walisema lugha za ukoo wa Kiajemi, na baadhi ya vijiji vya Tarom, katika mkoa huo huo, bado vinasema Kitati, mojawapo ya lugha hizo, kwa hivyo si sawa kudhani kwamba kila msemaji wa Kituruki ni mjukuu wa mhamiaji. Wengi ni watu wa pale pale waliobadilisha lugha, kama ilivyotokea hata pwani yetu.

Msomaji wa Mkunazini alijibu:
Naongeza moja, kwa sababu ushahidi tunao hapa Unguja. Mahamamu ya Kidichi yalijengwa mwaka 1850 na Sayyid Said kwa ajili ya mkewe, mjukuu wa Fath Ali Shah, mfalme wa Iran. Sote tunamwita Bibi huyo Mwajemi, na michoro ya maua ukutani ni ya Kiajemi kweli, lakini ukoo wa Qajar uliomzaa Shah huyo ulikuwa wa asili ya Kituruki. Iran imetawaliwa na koo za Kituruki kwa karne nyingi, na bado barua za serikali na mashairi ya ikulu yaliandikwa zaidi kwa Kiajemi.

Aliyesoma Iran alijibu:
Ndugu yangu, mdogo wako aanze na Kiajemi bila ya kusita. Ndiyo lugha rasmi ya nchi, ya skuli, ya mahakama na ya karatasi zote, na wanafunzi wengi wa kigeni husomeshwa kwanza Qazvin, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Imam Khomeini. Katiba, kifungu cha 15, inaruhusu fasihi ya lugha za makabila isomeshwe skuli pamoja na Kiajemi, ingawa utekelezaji wake umelalamikiwa sana na Waazeri wenyewe. Kwa fizikia, Zanjan ina taasisi ya masomo ya juu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Yousef Sobouti, mzaliwa wa mji huo, na wanafunzi wake hutoka mikoa mingi, kwa hivyo ndani ya chuo Kiajemi kitamtosha.

Nje ya chuo mambo ni mengine. Muuza mkate atamjibu kwa Kiajemi, kisha atamgeukia mwenzake kwa Kituruki, na hapo hakuna dharau yoyote. Waazeri na Waajemi wa huko kwa kawaida ni Mashia, huoana, na tarehe 8 Muharram hujaa pamoja katika maandamano ya Husseiniyeh A'zam, jengo la maombolezo ya Imam Hussein mjini humo. Akijua salamu chache za Kituruki atapendwa haraka. Wasiwasi wangu mimi ni baridi, kwani mji uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na theluji huanguka. Mnunulieni koti zito kabla ya kamusi.