Simu itakapozungumza na wazee wetu: nini kitabadilika nyumbani?

Mkazi wa Ngamiani (mwuliza swali)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mama yangu mzazi anaishi Tongoni, hapa Tanga, na kwa sasa macho yake yamepungua nguvu. Herufi za Kiarabu alizosomeshwa chuoni anazijua barabara, lakini hizi za kizungu hazimo katika elimu yake, kwa hiyo kila ujumbe wa pesa unapoingia huifungua simu kutoka pindo la kanga, akamwita mtoto yeyote anayepita amsomee, na kabla ya alasiri majirani wote wameshajua nimemtumia kiasi gani. Nasikia akili mnemba itaziwezesha simu kusikiliza Kiswahili, kujibu, na hata kutuma pesa kwa kuambiwa tu. Jambo hili likiwa la kawaida, maisha ya mzee kama huyu yatabadilika vipi nyumbani, sokoni na zahanati? Maroboti ya kwenye filamu tuyaache kando, tafadhali.

Mwalimu mstaafu, Chumbageni

Wa aleikum salaam. Kwanza tutenganishe kusema na kusikia. Kusoma maandishi kwa sauti ni kazi ambayo simu janja zimekuwa zikiifanya kwa muda; kazi ngumu ni kumsikia binadamu na kumwelewa. Mashine hufundishwa kwa kulishwa sauti nyingi za watu pamoja na maandishi ya yale waliyoyasema, na mradi wa Common Voice wa Mozilla, kwa mfano, hukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wanaojitolea kusoma sentensi. Sasa jiulize anayejitolea ni nani. Aghalabu ni kijana mwenye simu nzuri na bando, anayesoma Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya Kiunguja tangu miaka ya 1930. Bibi wa Tongoni anayesema Kimtang'ata, lahaja ya pwani yetu hii, tena mwenye pengo la meno ya mbele, hayumo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo nadhani badiliko la kwanza litakuwa dogo na la kuudhi kidogo: mama yako ataombwa arudie maneno, naye ataanza kuiongelesha simu kwa lafudhi ya mtangazaji wa redio, au ataiweka chini amwite mjukuu kama kawaida.

Wakala wa pesa, Makorora

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu lafudhi, ila naona badiliko kubwa liko kwenye pesa. Kabla ya M-Pesa kuanza hapa Tanzania mwaka 2008, pesa za mzazi zilikwenda kwa bahasha mkononi mwa kondakta wa basi, na ilibidi umfahamu kondakta mwenyewe. Leo wazee wengi wanaofika kibandani kwangu wanahitaji mtu wa kuwabonyezea simu kuliko wanavyohitaji noti, na wengine hutamka namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni nzima, hata ukiwakataza. Simu inayosikiliza itawaondolea aibu hiyo, nami nitapoteza wateja. Hilo halinisumbui sana.

Linalonisumbua ni matapeli. Sote tumepokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na usajili wa laini kwa alama za vidole haukuumaliza. Ujumbe ule huwanasa wachache kwa sababu hauna sauti, lakini sasa zipo programu zinazoiga sauti ya mtu kwa kusikiliza kipande kifupi tu cha maneno yake, na kipande hicho hupatikana kwenye kundi lolote la harusi. Mama akipigiwa na sauti yako wewe, inalia, inasema umepata ajali Segera, atauliza nini tena? Wekeni swali la kifamilia ambalo jibu lake halijawahi kuandikwa popote.

Muuguzi, Pangani

Kuhusu zahanati nina neno moja. Mzee anayekuja na mjukuu wa kumsemea hataji matatizo ya mkojo wala ya uzazi, na tunaishia kumpa dawa ya maumivu ya mgongo. Kifaa kinachomwelewa peke yake chumbani kingesaidia mno, mradi ijulikane sauti ile inahifadhiwa wapi na nani anaisikiliza. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini bibi hawezi kudai haki asiyoelezwa.

Mkulima, Muheza

Huku kwetu mashine ya namna hiyo imeshafika shambani. Kuna programu iitwayo Nuru, inayotumia Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti: unaielekeza kamera kwenye jani la muhogo, nayo inakuambia kama ni ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu wa pili ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, kutokana na mihogo ya maeneo haya haya ya Usambara, na bado upo. Simu hulitambua jani kwa muda mfupi, kisha mkulima hubaki amesimama pale pale, kwa kuwa pingili safi za kupanda haziletwi na simu. Ndiyo maana namwuliza mwuliza swali: mama akishasomewa ujumbe wake, wakala wa karibu yuko umbali gani kutoka nyumbani kwake?

Mkazi wa Ngamiani

Nawashukuru nyote. Wakala yupo jirani, ila mara nyingi hana pesa taslimu, kwa hiyo swali la mkulima limenigusa. Ushauri wa swali la siri nimeupeleka kwa ndugu zangu, na dada amecheka: anasema mama atalipenda swali hilo kiasi cha kuwasimulia wenzake wote barazani, pamoja na jibu.