Kompyuta mpakato mpya ya bei ya chini au ThinkPad iliyokarabatiwa: ipi kwa shilingi 750,000?

Mwalimu_Iringa

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Iringa na mwezi Oktoba ninaanza shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Dodoma. Nahitaji kompyuta mpakato ya kuandikia tasnifu, kuchambulia takwimu kwa SPSS na kuhudhuria vikao vya Zoom na msimamizi wangu. Akiba yangu ni shilingi 750,000 na sina namna ya kuiongeza kabla ya masomo kuanza.

Wakati wa likizo nilizunguka maduka ya Kariakoo siku nzima, mawinga (madalali wa maduka) wakinivuta huku na huku, nikabaki na mbili za kuchagua. Ya kwanza ni mpya kabisa, imo ndani ya boksi lake: prosesa ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 4, hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 64 na waranti ya mwaka mmoja, kwa shilingi 720,000. Ya pili ni Lenovo ThinkPad T480 iliyofanyiwa ukarabati, yenye Core i5-8350U, RAM ya gigabaiti 8 na SSD (hifadhi ya kasi) ya gigabaiti 256, kwa shilingi 690,000, nayo ina waranti ya miezi mitatu. Mume wangu anaona kwamba kununua mtumba wa kielektroniki ni kulipia matatizo ambayo mwenzako ameyakimbia, na hoja yake siipuuzi, kwa sababu fedha hii ikipotea sina nyingine. Naomba mnilinganishie kwa uangalifu.

Fundi_Gerezani

Shikamoo Mwalimu, kama umenizidi umri. Nina miaka kumi na mmoja katika kazi ya kutengeneza kompyuta, na ningeomba tuanze na kilichomo ndani ya mashine hizo kabla ya kuzungumzia ipi ni mpya na ipi ni ya zamani.

Celeron N4020 ilitolewa mwaka 2019 na ina viini (cores) viwili tu. Core i5-8350U ilitolewa mwaka 2017 na ina viini vinne vinavyoweza kupokea kazi nane kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tofauti ya umri kati ya prosesa hizo ni miaka miwili tu, na hiyo i5 ya mwaka 2017 ndiyo yenye nguvu zaidi, tena kwa mbali, kwa kuwa iliundwa kwa ajili ya mashine za ofisi ilhali ile Celeron iliundwa kwa ajili ya kompyuta za bei ya chini zinazofungua ukurasa mmoja au miwili ya intaneti. Ukiwa kwenye Zoom, umefungua faili la takwimu na kurasa sita za marejeo, RAM ya gigabaiti 4 itajaa kabla hujaanza kuzungumza na msimamizi wako.

Jambo linalonisikitisha zaidi katika mashine hizo za bei ya chini ni hifadhi. eMMC ni ya jamii moja na hifadhi iliyomo ndani ya simu, na huchomelewa kwenye bodi, kwa hiyo ikichoka au ikijaa huwezi kuitoa na kuweka nyingine. Katika gigabaiti 64, Windows 11 peke yake inachukua zaidi ya 20, kisha yanakuja masasisho, Office na SPSS. Nimepokea wateja wengi ambao mashine zao hazina hata mwaka lakini zinakataa kusasishwa kwa kukosa nafasi, na sina cha kuwafanyia. T480 ina nafasi mbili za RAM na SSD inayofunguliwa kwa bisibisi, kwa hiyo ukipata fedha mwakani utaongeza. Kwa kazi uliyoitaja, mimi ningechukua hiyo iliyokarabatiwa.

Mwanamvita

Mwalimu, mimi niko Mombasa na ninakuomba usiharakishe. Miaka miwili iliyopita nilinunua kompyuta iliyokarabatiwa, safi kwa nje, ikifanya kazi vizuri kabisa. Mwezi wa tatu ikaanza kusumbua, fundi akanishauri tuifute na kuipakia Windows upya. Ilipounganishwa na intaneti ikaonyesha ukurasa wenye jina la kampuni ya ng'ambo, ukitaka barua pepe ya mfanyakazi na nenosiri lake. Kampuni ile haikuwa imeiondoa mashine kwenye orodha yake. Muuzaji alinijibu kwamba waranti imekwisha na kwamba yeye aliniuzia ikiwa inafanya kazi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nililia siku ile, maana fedha ile ilitoka kwenye biashara yangu ya kushona.

Sasa natumia mpya ya kawaida. Ni nzito kidogo katika kazi, lakini najua mimi ndiye mmiliki wake wa kwanza, na ilipoharibika kibodi nilirekebishiwa bure. Waranti ya mwaka mmoja ina thamani ambayo haionekani katika namba za prosesa, hasa kwa mtu mwenye akiba moja tu.

Karani_wa_Manunuzi

Pole sana, dada wa Mombasa. Mimi hushughulikia manunuzi ya shirika dogo hapa Nairobi, na kwa miaka kadhaa sasa tumekuwa tukinunua mashine zilizokarabatiwa kwa ajili ya ofisi zetu za mashinani. Kisa chako hakitokani na uzee wa mashine, kinatokana na muuzaji aliyeruka hatua moja. Mashine hizi nyingi zilikuwa za makampuni ya Ulaya na Marekani, ambayo huzikodi au kuzinunua kwa mamia na kuzibadilisha baada ya miaka mitatu au minne, zingali nzima. Mkarabati mwaminifu hufuta data, huhakikisha kampuni imeiachia mashine, hupima betri, hubadilisha kilichochoka, ndipo anauza. Wengine hufuta vumbi, hubandika vibandiko vipya vya kibodi, na kuiita "imekarabatiwa". Bei za wote wawili hukaribiana, kwa hiyo bei haikuambii uko kwa nani.

Niongeze jambo la kizazi cha prosesa, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi wanapopotea, hapa Nairobi katika Luthuli Avenue na huko Kariakoo pia. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha nane kwenda juu pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kizazi husomwa kwenye namba inayofuata kistari: i5-8350U ni cha nane, i5-7300U ni cha saba, i5-6300U ni cha sita. HP EliteBook 840 G3, ambayo imejaa sokoni, ni ya kizazi cha sita. 840 G5 kwa kawaida ni ya cha nane, lakini soma namba ya prosesa. Kwa macho ya mnunuzi zinafanana sana, na nimeona watu wakilipia G3 bei inayokaribia ya G5. T480 uliyoitaja, Mwalimu, iko upande salama. Ukiletewa T470 kwa maelezo kwamba "ni ileile tu", ikatae.

Mwalimu_Iringa

Ahsanteni sana, na pole dada Mwanamvita, kisa chako kimenigusa. Nina maswali mawili. Je, kufuli hilo la kampuni linaweza kugunduliwa dukani kabla ya kulipa? Na vipi kuhusu betri? Ninakoishi umeme hukatika mara kwa mara jioni, na jioni ndiyo saa yangu ya kuandika.

Fundi_Gerezani

Linagundulika, Mwalimu. Mwombe muuzaji airudishe mashine katika hali ya mwanzo mbele yako, kisha iunganishe na intaneti kwa hotspoti ya simu yako mwenyewe. Kufuli la kampuni hujitokeza pale mashine iliyofutwa inapowasiliana na Microsoft kwa mara ya kwanza. Mashine ambayo haijafutwa, au iliyofutwa bila intaneti, inaweza kuficha kufuli hilo kwa miezi, na nadhani ndicho kilichompata dada yetu. Kazi hiyo inachukua karibu saa nzima, na muuzaji atalalamika kwamba unampotezea muda. Kaa hapohapo. Akikataa kabisa, umeshapata jibu.

Baada ya hapo izime, iwashe, na uingie kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), ambako katika ThinkPad huingiwa kwa kitufe cha F1. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, iache, kwa sababu nenosiri la msimamizi katika mashine hizo haliondoki kwa kutoa betri kama watu wanavyodanganywa. Angalia pia ukurasa wa uamilishaji (activation) wa Windows. Inapaswa kusema kwamba imeamilishwa kwa leseni ya kidijiti. Ikisema imeamilishwa na huduma ya taasisi, ujue wameweka Windows ya wizi, na programu zinazotumika kufanyia wizi huo mara nyingi hubeba virusi.

Kuhusu betri, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Inaonyesha uwezo betri iliyotoka nao kiwandani na uwezo ilio nao leo. Gawanya wa leo kwa wa kiwandani. Mimi sipokei chini ya asilimia 75. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa kwa mkono mashine ikiwa imewaka, kwa hiyo soma zote mbili. Ya nyuma ipo ndogo ya wati-saa 24 na ipo kubwa ya 72, na kwa tatizo lako la umeme hiyo kubwa ni faraja ya kweli, ingawa za asili ni ghali na za kuiga zimejaa. Ripoti inaweza kudanganywa na betri ya kuiga, kwa hiyo chomoa chaja na uitumie mashine dakika ishirini ukitazama asilimia zinavyoshuka.

Kwa haki, Mwalimu, hapa ile Celeron ina sifa yake: imeundwa kwa wati 6, ile i5 kwa wati 15, na betri yake haijachoka. Kama kazi yako ingekuwa kuandika tu, mbali na umeme, ningekushauri vingine.

Wakili_Mwanafunzi

Nina neno moja kuhusu ukaguzi. Sheria yetu ya Tanzania ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo, kwa kudai kwamba bidhaa iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Hata hivyo, mnunuzi akiwa ameikagua, kinga hiyo haigusi kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzibaini. Maana yake ni kwamba ukikagua, ukague kwa dhati, na kasoro uliyoiona na kuikubali iandikwe pamoja na ahadi ya muuzaji. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi), na namba ya utambulisho ya mashine iandikwe juu ya hati ya waranti, la sivyo ukirudi utaambiwa hii siyo tuliyokuuzia. Uliza pia kama miezi hiyo mitatu inahusu betri, kwa kuwa wengi huiondoa.

Mwanamvita

Laiti ningeyajua haya wakati ule. Mwalimu, kama utafanya ukaguzi wote huo, siwezi kukuzuia. Ila nenda na mtu asiyeona haya kusema hapana.

Mwalimu_Iringa

Nimerudi kuwapa taarifa kama ilivyo adabu. Sikuweza kusafiri, nikamtuma mdogo wangu anayeishi Temeke akiwa na maelezo yenu yote kwenye simu. T480 ya kwanza waliyomletea, ileile niliyoiona mimi na kuipenda, betri yake ya ndani ilikuwa na uwezo wa miliwati-saa 13,900 kati ya takriban 24,000, yaani asilimia 58. Aliikataa. Ya pili ilikuwa na betri nzuri, lakini skrini yake ilikuwa ile hafifu ya 1366 kwa 768, ambayo maandishi yake hufifia ukiitazama kwa pembeni, na hilo hakuna aliyekuwa amenitajia. Aligundua kwa kuziweka mbili sambamba. Ya tatu ilikuwa na skrini ya 1920 kwa 1080, betri za asilimia 81 na 88, BIOS isiyo na nenosiri, na leseni ya kidijiti. Waliirudisha katika hali ya mwanzo mbele yake kwa hotspoti ya simu yake, na haikudai jina la kampuni yoyote.

Tumeilipia shilingi 690,000. Namba ya mashine imeandikwa kwenye waranti, na baada ya mabishano marefu muuzaji ameongeza kwa mkono wake maneno "pamoja na betri zote mbili", akagonga muhuri. Mume wangu ameisoma hati hiyo mara mbili na kuiweka pamoja na vyeti vya watoto. Shilingi 60,000 zilizobaki nimezigawa kati ya nauli ya mzigo na flashi ya kuhifadhia nakala za tasnifu.

Fundi_Gerezani

Hongera sana, Mwalimu, na mpongeze mdogo wako kwa niaba yangu. Suala la skrini lilipaswa kutoka kwangu, naomba radhi. Kabla hujaanza kazi, pakua programu ya Lenovo Vantage na uweke ukomo wa kuchaji kwa siku utakazoshinda mezani kwenye umeme, kwa kuwa betri inayokaa imejaa muda wote huchakaa mapema. Siku unazotarajia umeme kukatika, uondoe ukomo huo asubuhi ili ijae kabla ya jioni.

Mwalimu_Iringa

Nimeweka asilimia 80. Kesho ni zamu ya mtaa wetu kukatiwa, nitauondoa asubuhi kabla ya kwenda shuleni.