Tupeane uzoefu: uliyewahi kujitolea jiji, manispaa au kata (Arusha na Moshi), ilikuwaje?

Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu kamaliza diploma ya maendeleo ya jamii, yupo nyumbani Ngarenaro. Anataka kuandika barua kwa Mkurugenzi wa Jiji aombe kujitolea wakati anasubiri ajira. Mzee hataki kusikia, anasema hajasomesha mtu akafanye kazi ya bure. Wanafunzi wa fildi najua wanapokelewa, lakini huyu chuo kashamaliza. Aliyepita huko atuambie alifanya kazi gani hasa na aliambulia nini. Stori za kusikia baki nazo.

Dada wa Sombetini
Mwambie mzee atulie kwanza. Mimi nilijitolea ofisi ya kata, siyo makao makuu ya jiji, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Makao makuu kila meza ina mwenyewe. Kata ina mtendaji, afisa maendeleo ya jamii mmoja, na foleni ya watu inayoanza kabla hawajafungua mlango.

Kazi yangu kubwa ilikuwa vikundi vya mikopo ya asilimia kumi. Kwa asiyejua: halmashauri inatenga sehemu hiyo ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Serikali iliisimamisha 2023, ikarudi 2024, na iliporudi vikundi vilimiminika. Ungecheka. Kikundi kinaleta katiba iliyonakiliwa kwa wenzao, mpaka jina la mtaa ni la watu wengine! Kingine kina mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa familia moja. Nilikaa na akina mama wa Soko la Kilombero tukiandika andiko la mradi upya, mstari kwa mstari.

Chuo walinifundisha andiko likae vipi. Kumuuliza muuza ndizi anapata faida kiasi gani kwa siku, bila akuone umetumwa na watu wa kodi, hilo nilijifunzia sokoni. Unaanza na bei ya mkungu, unafika kwenye nauli ya toroli, faida anaitaja mwenyewe. Ajira sikupata pale. Nilipata shirika linalofanya kazi na vikundi, na kwenye usaili waliniuliza mambo hayo hayo.

Chalii wa Kijenge
Dada umebahatika. Mimi niliangukia ofisi moja ya umma, sitaitaja. Hakuna barua ya kunipokea, maneno ya mdomo tu, "wewe njoo Jumatatu." Nikawa mtu wa kupiga chapa, kutoa kopi, kufuata chai. Aliyenipokea akahamishwa mkoa mwingine, aliyekuja akaniuliza, "Wewe nani?" Arifu, nilikosa la kusema.

Dogo asidanganywe kwamba akijitolea ndiyo kashaingia. Nafasi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira, unaomba kwenye mfumo, unafanya usaili wa mchujo kama wenzako wote. Kwenye karatasi ya mchujo hakuna swali la nani alileta chai.

Lingine, na hili asilisahau: wakimpa mashine ya POS akusanye ushuru kwa jina la mtumishi mwingine, akatae hata kama wamemsifia. Ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, zimeshaandika sana kuhusu makusanyo ya POS yasiyofika benki. Siku hesabu ikigoma, wa kwanza kuangaliwa ni yule asiye na mkataba.

Muuguzi mstaafu, Majengo Moshi
Hamjambo wanangu. Huku kwetu kazi ya kujitolea inayoonekana ni siku za chanjo, na Juni na Desemba watoto wanapopewa matone ya vitamini A. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kwa majaribio hapa hapa Kilimanjaro mwaka 2014, kabla haijaenda nchi nzima 2018. Wakati ule uvumi ulikuwa mkubwa, eti mabinti watakosa uzazi. Daktari aliongea, watu wakamtazama tu. Aliyewageuza ni binti wa mtaa huo huo, anayejulikana ni wa nyumba gani, anakaa jikoni na mama mwenye nyumba na kujibu swali moja moja. Mtu huyo hupati kwa tangazo la gari.

Siku hizo huwa kuna posho ya nauli na chakula, inatofautiana na inaweza kuchelewa. Msichanganye na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Wale tangu 2024 wana mpango wao wa kitaifa, wanapata mafunzo na posho, na jamii ndiyo inawachagua. Kwa hiyo binti anayetaka njia hiyo ahudhurie mikutano ya mtaa, aonekane.

Mangi wa Pasua
Shikamoo mama. Mimi ni wa usafi. Moshi watu wanafikiri usafi unajileta wenyewe, kumbe kuna watu wanaamka Jumamosi ya mwisho wa mwezi na koleo. Neno langu ni moja: kabla hamjazibua mtaro, muoneni bwana afya mkubaliane gari la taka linapita lini. Mtaa wa jirani walitoa tope lote, wakaliacha pembeni ya mtaro, masika ikalirudisha lilikotoka. Meku, uchungu wake usiseme.

Mama wa Shanty Town
Naongezea la wageni, maana Moshi ukisema "volontia" watu wanatafuta mzungu mwenye begi mgongoni. Mgeni hajitolei kwa viza ya utalii. Anatakiwa awe na kibali, kwa kawaida cha ukaazi daraja C. Mnaowapokea nyumbani waulizeni mapema, kabla Uhamiaji hawajawauliza nyie.

Mleta uzi
Asanteni sana, shikamoo mama wa Majengo. Kwa hiyo tunaanzia kata. Dada wa Sombetini, barua aiandikeje?

Dada wa Sombetini
Barua inaenda kwa Mkurugenzi kupitia mtendaji wa kata, ili akipokelewa awe na karatasi yenye mhuri. Aambatanishe utambulisho wa serikali ya mtaa, nakala za vyeti na namba ya NIDA. Asiandike "kazi yoyote." Aandike anachokiweza, mfano kusaidia usajili wa vikundi, na aseme ni kwa miezi mingapi. Tarehe ya mwisho ni muhimu, bila hiyo utazeekea pale. Akimaliza adai barua ya kuthibitisha kazi alizofanya, na aidai kabla afisa wake hajahamishwa, kama ya chalii hapo juu.

Aende asubuhi. Mchana watendaji wengi wako kwenye vikao au mtaani kusuluhisha mipaka ya viwanja.

Chalii wa Kijenge
Na abaki na nakala iliyogongwa "imepokelewa". Mimi yangu ipo mpaka leo haijajibiwa.