Wapenzi wa skafu za hariri njooni tupeane uzoefu: unazipata wapi, unazijuaje, unazifungaje?

Pindo la Mkono (Dar)

Wakuu na mashosti, leo naomba tukae hapa tuongelee skafu za hariri, zile za mraba zenye michoro, za brandi na zisizo na brandi, maana kila nikivaa yangu kazini lazima mmoja aniulize umeitoa wapi na pembeni yake kuna mwingine anadakia "hiyo si ya mtumba hiyo", yaani kama vile mtumba ni tusi. Ndio ni ya mtumba. Soko la Karume, asubuhi, jua halijawa kali.

Nianze mimi. Sikusanyi jina, nakusanya pindo. Skafu ya maana ukingo wake umeviringwa na kushonwa kwa mkono, ukiupitisha kati ya vidole unausikia umejaa, na ukisogeza macho karibu utaona mishono haijalingana, huyu kaenda hivi yule kaenda vile. Pindo la cherehani linalala bapa. Hermès, ile brandi ya Ufaransa, wao wanaviringa kuja upande wa mbele wenye picha, Waitaliano wengi wanaviringa kwenda nyuma, kwa hiyo akija mtu na "Hermès" yenye mshono wa mashine uliolala kwa nyuma we mwambie asante dada, umependeza, na uendelee na safari yako.

Hiyo yao ya kawaida ni sentimita 90 kwa 90, walianza kuitoa 1937, uzito kama gramu 65 hivi, inachapwa Lyon huko Ufaransa rangi moja moja, kila rangi na fremu yake, na rangi inazama mpaka upande wa pili ndio maana ukigeuza nyuma picha bado unaiona vizuri tu. Dukani kwao inapita dola 500. Karume inakuja imechanganyika na mitandio ya polista kwenye fungu moja, hapo ni wewe na macho yako.

Kuhusu lebo, msitafute Kiingereza tu. Soie, seta, Seide, seda, zote hizo ni hariri, mzigo unatoka nchi nyingi. Lebo ikiwa imekatwa (na mara nyingi imekatwa) nyofoa kauzi kamoja ukingoni ukachome. Ikinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika kwenye kidole, hariri hiyo. Ikinuka karatasi ni viskosi (ile inayotengenezwa kwa miti) au pamba. Ikiyeyuka ikabaki kitone kigumu, polista, na uachane nayo. Ila msifanye hivyo mbele ya muuzaji kabla hamjalipa jamani, mtapigwa.

Haya leteni vyenu.

Shela Refu (Mombasa)

Asalaam aleikum wenzangu. Mimi ni wa Mji wa Kale, na huku kwetu hiyo 90 wengi waiona ndogo kwa hijabu kwa vile tumezoea mashela marefu ya kuzungusha, lakini Waturuki hiyo hiyo ndiyo wavaayo kichwani kila siku. Vakko, Aker, Armine, waulize mabinti wanaokwenda Istanbul kuleta biashara watakwambia. Zangu nyingi ndiyo hizo, na mamangu mdogo alioko Maskati akija haji mikono mitupu, ingawa nilishamwambia kule Mutrah mtandio wa bei poa mara nyingi ni viskosi hata ukimetameta vipi, basi siku hizi asoma lebo kwanza ndiyo atoe riale.

Nifungavyo: ndani navaa kofia ya pamba, si ya satini, kwa sababu hariri juu ya satini yateleza mpaka yafika mabegani hujamaliza kuamkia watu. Kisha nakunja pembe tatu lakini sikunji katikati kabisa, upande mmoja nauacha mfupi kidogo ili kingo mbili zisilaliane zikafanya unene kwenye paji. Hapo juu ya paji Waturuki watia kipande cha karatasi ngumu au plastiki laini ndani, ndiyo mwaona skafu zao zimesimama zina kinundu kizuri, hazijalala kama zimenyeshewa. Nabana chini ya kidevu, ncha mbili nazipeleka nyuma ya shingo nazivukisha, narudisha mbele au naficha ndani ya kanzu.

Na kubana ni kwa SUMAKU. Pini yatoboa hariri na lile tundu halizibi, zaidi skafu ikiwa nyepesi. Zile sumaku za hijabu zauzwa kila mahali sasa, hakuna udhuru.

Kamera Tu (Nairobi)

Sasa mimi niko upande wa pili, mi nauza. Gikomba, na wikendi Toi. Nimesoma hii kitu ya kuchoma uzi nikacheka peke yangu, kumbe ndio nyinyi huja kwa stall mnapapasa kingo za kila skafu kama madaktari alafu mnauliza bei ukiangalia juu kama mtu hana haja 😂

Wacha niwaambie vile iko. Bale ya skafu ni mix, akriliki mob, polista mob, pamba kiasi, hariri ni chache sana, na bale zingine hazinaga hata moja. Ile grade ya kwanza huwa tunaita kamera, hiyo haikai, watu wa boutique huichukua bale ikikatwa tu, saa kumi na mbili asubuhi washafika. Kwa hivyo ukija saa sita ukipata kitu ujue imepita kwa mikono ya watu hawajui, na hapo ndio nyinyi mnakula.

Niko na mzee mmoja mteja wangu hutafuta Jacqmar tu, ya London. Aliniambia wakati wa vita kuu ya pili hao walikuwa wanatengeneza skafu za maneno na picha za vita, za kutia wananchi moyo, na watu wanazitafuta mpaka leo. Mi nilikuwa nafunga nazo mzigo.

Pindo la Mkono

@Kamera Tu nakuomba uniambie hiyo ya mwisho ni utani.

Kamera Tu

😂😂 Endelea kusoma uzi dadangu.

Kola Wazi (Arusha)

Mnatubagua wanaume. Mimi ni mwalimu na navaa skafu ya hariri shingoni, ndani ya kola, vifungo viwili wazi, na wanafunzi wamenipa jina ambalo silisemi hapa.

Kwa mwanaume nashauri hivi: usiikunje pembe tatu ukaiachia mbele, utaonekana muongoza watalii (hakuna ubaya, huku Arusha wako wengi na wanapendeza, ila mimi sio). Shika pembe mbili zinazotazamana, kunja kuelekea katikati, kunja tena na tena mpaka upate mkanda wa upana wa vidole vitatu au vinne. Zungusha shingoni ncha zije mbele, funga kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia. Ukifanya hivyo fundo linalala bapa na halilegei. Ukirudia upande ule ule mara mbili linakaa kombo na linafunguka lenyewe, na hiyo ni kwa mafundo yote ya namna hii, mpaka ya kufungia mizigo.

Ya mfuko wa koti ni ndogo, sentimita 42 au 45 inatosha. Usiipige pasi ikawa bahasha, bana katikati, inyanyue, isukumie mfukoni, basi.

Kingine kilichonivuta mimi ni wachoraji. Kuna Mmarekani mweusi anaitwa Kermit Oliver, wa Waco, Texas, alikuwa mfanyakazi wa posta kabisa, anapanga barua, na huku ndiye Mmarekani wa kwanza kuwachorea Hermès skafu. Amechora nyingi tu, watu wa makabila ya asili ya kule, wanyama, maua. Halafu ukija Afrika kuna Ardmore, wale wafinyanzi wa KwaZulu-Natal, michoro yao ya chui na ndege nayo imeishia kwenye hizo skafu. Kwa hiyo mtu akiniambia hivi vitu ni vya kizungu namwangalia tu.

Jasho la Pwani

Mimi sina maneno mengi. Yangu ile nyembamba ndefu naizungushia mkono wa pochi. Jasho la kiganja linaishia kwenye skafu, ngozi inabaki salama. Skafu inafuliwa, mkono wa pochi haufuliki.

Kigamboni Hoyee

Sasa mimi nilete ya kuvaa mwilini, wenye ndoa changa sogeeni. Hii nilifundishwa na wifi yangu tunaenda bichi. Chukua ile 90, itandaze upande wa nyuma ukikuangalia. Katikati kabisa bana kidogo ufunge kafundo kadogo, hapo upande wa nyuma. Geuza, fundo likae ndani kifuani kwako halionekani. Pembe mbili za juu funga nyuma ya shingo, mbili za chini zungusha kiunoni funga mgongoni. Umemaliza, una blauzi, mgongo wazi, na kale kafundo ndio kanafanya kitambaa kianguke kwa mikunjo badala ya kukubana kama aproni. Kama kifua ni kikubwa kama changu tafuta ya 140, hiyo 90 itakuaibisha.

Juu tupia kimono au shati la mume, chini kikoi. Wifi yangu yeye anavaa hadi kitchen party ila wifi yangu haogopi mtu.

Msuko wa Usiku (Leeds)

Habari za nyumbani jamani. Huku Uingereza Karume yetu ni maduka ya hisani, yale ambayo watu wanatoa nguo bure na pesa inaenda kwa wagonjwa au wanyama. Skafu zinawekwa kwenye kikapu mlangoni, bei ya kikombe cha chai, na wazee wa huku wakifariki familia inaleta sanduku zima. Ndani ya hizo sanduku nimepata za Liberty, lile duka la London, nimepata Jacqmar (@Kamera Tu pole sana), nimepata ya Como isiyo na jina la duka lolote, imeandikwa seta tu na pindo la mkono safi kuliko za majina makubwa. Como huko Italia ndio mji wa hariri, brandi nyingi zinachapiwa pale, kwa hiyo mara nyingine isiyo na jina na yenye jina zimetoka mji mmoja.

Matumizi yangu: nafungia msuko usiku.

Shela Refu

Yaani walalia Liberty?? Ya hariri??

Msuko wa Usiku

Nalalia dada 😂 Pamba inanyonya mafuta ya nywele na inakwaruza, hariri inateleza, asubuhi nywele zangu ziko vilevile. Bonneti ya satini ya polista ninayo lakini kichwa kinatoa jasho. Mnataka niiweke kabatini imsubiri nani?

Pindo la Mkono

Hapo mimi nitamtetea wa Leeds. Kitu cha kuvaa kivaliwe. Ila nikiri wazi kuna moja sitoki nayo: ile Flora ya Gucci, ya maua na wadudu. Ilichorwa 1966 na Vittorio Accornero kwa ajili ya Grace Kelly, yule malkia wa sinema aliyeolewa Monaco. Yangu pindo lake limechoka sehemu mbili, nimeifremu. Haijagusana na kioo, haina gundi, fundi kaishikiza kwa uzi mwembamba wa hariri juu ya kitambaa cha pamba, na iko ukuta ambao jua haliufikii maana jua linakula rangi ya hariri usipime.

Chetezo (Unguja)

Wanangu mmesema mengi ya kufunga, ya kutunza mmeyapita mbio. Huku visiwani unyevu na chumvi, kitambaa hakikai. Mtanisikiliza mimi mama yenu.

Jiki marufuku. Hariri ni jamaa ya nywele, Jiki inaila, inageuka manjano na kukatika. Mtu akikuambia "tone moja tu" mnyang'anye beseni. Maji baridi, shampuu ya mtoto kidogo, usisugue, usikamue kwa kusokota, ilaze juu ya taulo uviringe taulo likamate maji. Kabla ya hapo jaribu pembe moja na kitambaa cheupe kilichoroa, ikiacha rangi usiifue nyumbani, zile nyekundu na bluu iliyokoza ndio wakorofi.

Pasi ipigwe skafu ikiwa bado na unyevu kidogo, upande wa nyuma, moto mdogo, na ukifika ukingoni SIMAMA. Pindo la mkono likipigwa pasi linalala bapa, na hilo pindo ndio mwenye uzi huu anaringia.

Usiweke kwenye nailoni, itavunda. Mfuko wa pamba, karafuu kidogo ndani ya kitambaa kingine zisigusane maana karafuu inatoa mafuta, na kila baada ya muda itoe uikunje upya mahali pengine, mkunjo ukikaa pale pale siku zote uzi unakatika pale pale. Manukato usipulizie juu ya hariri, yanaacha doa. Ukitaka inukie washa udi kwenye chetezo, ining'inize juu mbali, moshi uipitie, usiikaribishe na makaa.

Mgeni Hapa

Samahani naomba kuuliza, nimepewa skafu ya mraba na bosi wangu, sivai ushungi na shingoni sipendi kubanwa, naweza kuitumia vipi?

Kola Wazi

Mkanda. Ikunje kama nilivyoelekeza juu, ipitishe kwenye vishikio vya suruali, fundo ubavuni. 90 inamtosha mtu wa kiuno cha kawaida, akizidi ongeza pete ya skafu au tumia mbili.

Kigamboni Hoyee

Au mkoba wa Kijapani. Funga pembe mbili za jirani pamoja, na mbili zilizobaki pamoja, tayari una mikono miwili. Usiweke funguo ndani, zinavuta nyuzi.

Kamera Tu

Bale mpya nakata Alhamisi. Nimesoma kila kitu hapa mara mbili, kingo nitaangalia mimi mwenyewe kwanza, na soie, seta, Seide zote zimetoka kwa fungu la mia. Jacqmar bei tutaongea.

Pindo la Mkono

Nyie, nani alimwita huyu?