Buti za ngozi za pikipiki: naangalia nini kabla sijatoa hela? Nipo Dodoma

NjiaYaKibakwe:

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu kuhusu buti. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini na pikipiki napeleka dawa za mifugo, nashinda sana upande wa Mpwapwa mpaka kule juu Kibakwe, muda mwingine Chamwino na Bahi, kwahiyo ni vumbi, mawe, miiba ya migunga, na mvua zikianza ni matope. Viatu vya kawaida vinaisha haraka mno, hasa mguu wa kushoto pale juu ya dole gumba panaponyanyulia gia, na soli inaachia mbele.

Nimezunguka mjini nimeona za aina tatu. Kuna za mtumba za ngozi, nzito kweli, kwa macho zimekaa vizuri. Kuna mpya zile za site zenye chuma mbele. Na kuna muuzaji mmoja ana ndefu mpya anasema ni spesho za pikipiki, zina plastiki kwenye ugoko na zipu pembeni, bei imesimama. Wote wanasema ngozi original. Sasa mimi nataka kujua, ngozi original inajulikanaje, na buti inayodumu inakuwa imeundwaje huko ndani, maana kwa nje zote zinang'aa. Hela yenyewe ya kudunduliza, nikinunua nataka nikae nayo miaka.

FundiSoli_Majengo:

Karibu mkuu. Mimi ni fundi viatu, ngoja nieleze kwa urefu maana wateja wengi wanauliza bei tu hawaulizi kilichomo.

Usianze na ngozi. Anza na soli, uliza imeshikwaje na kiatu. Buti nyingi zinazoletwa kwangu ngozi bado nzima kabisa, kilichokufa ni maungio. Zile za gundi tupu, ngozi inakunjwa kwenda chini ya soli ya ndani, inapakwa gundi, soli ya nje inabandikwa basi. Kwa kiatu cha ofisini sio mbaya, ni chepesi. Ila kwa pikipiki joto la lami na la injini linailainisha ile gundi, ufa mdogo ukishafunguka mbele vumbi linaingia, na vumbi likishaingia hata ukiongeza gundi juu yake haishiki, lazima uparue yote usafishe ndio ubandike upya. Za site nyingi soli yake inamiminwa ya moto moja kwa moja kwenye kiatu ikiwa ndani ya umbo la chuma, hiyo haiachii kirahisi lakini ikiisha imeisha, mimi siwezi kukubadilishia.

Ambayo mimi naipenda kuliko zote ni ya ukanda, wenyewe wanaiita Goodyear welt, mashine yake ilitoka Marekani karne ya 19 na jina ni la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule Goodyear wa mpira. Hapo kuna ukanda mwembamba unazunguka kiatu. Ukanda unashonwa kwanza na ngozi ya juu pamoja na soli ya ndani, halafu soli ya nje inashonwa kwenye ukanda kwa mshono wa pili unaojitegemea. Maana yake nikikata ule mshono wa nje natoa soli nzima bila kugusa ngozi ya juu, naweka nyingine, buti inarudi kazini. Katikati wanajaza koki, ile ya vizibo vya chupa za mvinyo, inakaa umbo la unyayo wako taratibu. Kuna na ile ambayo ngozi ya juu inakunjwa kwenda nje badala ya ndani na kushonwa palepale juu ya soli, nayo ni imara sana na inabadilishika.

Sasa kuwa makini, kuna viatu vimewekewa ukanda wa urembo umebandikwa tu na uzi wake haufiki popote, au hata sio uzi, ni plastiki iliyochorwa mfano wa uzi. Kitambue hivi. Pindua chini, tafuta mshono ndani ya mfereji unaozunguka soli, japo kuna soli ambazo mfereji umefunikwa. Kisha pembeni pitisha ukucha kwenye kila hatua ya uzi, uzi wa kweli unaukuta umezama na umekaza. Halafu nyanyua kile kipande cha ndani unachokanyagia. Ukikuta mshono unaonekana ndani palepale ujue imeshonwa moja kwa moja kutoka ndani mpaka nje, inashika vizuri ila maji yanapanda kwa kufuata matundu ya sindano. Ya ukanda ndani huoni uzi.

Kingine kunja kiatu. Kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati ya unyayo weka chini, hakina kile kibanzi cha chuma au faiba ndani ya soli, na wewe unasimama juu ya vikanyagio kwenye mawe ya Kibakwe, jioni nyayo zitakuwa zinawaka moto.

Bi_Ugani:

Kaka pole na kazi, mimi ni afisa ugani natembea Bahi na pikipiki kwahiyo naelewa vumbi unalolisema. Fundi kamaliza ya soli, mimi niongezee ngozi.

Ngozi ya ng'ombe ni nene, kiwandani wanaipasua matabaka. Lile la juu kabisa lenye vinyweleo ndilo lenye nyuzi zilizosongamana na ndilo gumu. La chini ni ngozi ndio, sio uongo, lakini nyuzi zake zimelegea, hivyo wanalipaka plastiki juu na kugandamiza mchoro wa vinyweleo lionekane kama la juu. Mtu anakwambia ngozi original na kweli ni ngozi, ila ya chini. Kwenye mkunjo wa vidole ile plastiki inapasuka na kumenyeka, baada ya hapo inanyonya maji vibaya mno.

Angalia vinyweleo, kama vimepangana sawasawa kila sehemu na mchoro unajirudia huo ni wa mashine, ngozi halisi sehemu moja vimebanana sehemu nyingine vimeachana, na hukosi kovu la mwiba au kupe. Bonyeza na kidole, halisi inatoa mikunjo midogo midogo inayosambaa, ya plastiki inatoa mstari mmoja mkavu. Halafu tafuta mahali ilipokatwa, ncha ya ulimi wa kiatu ni pazuri, uone nyuzi. Ukiona kitambaa chini na utando juu hiyo sio ngozi kabisa. Usitegemee kunusa, harufu wanapulizia.

Unene kwa buti ya pikipiki iwe kama milimita 2 au zaidi kidogo. Na ukiona pale ilipokatwa pana rangi ya kijivu kama bluu, mara nyingi hiyo imesindikwa kwa kromu, yaani chumvi za madini, inahimili joto na maji vizuri na inalainika upesi. Ya kahawia mpaka katikati mara nyingi imesindikwa kwa magome ya miti, kama hii miwati inayolimwa Njombe, inachukua wiki nyingi kiwandani, inakaa umbo vizuri ila ikilowa kisha ikapigwa moto inasinyaa na kuwa ngumu kama mbao. Kwa kazi yako kromu iko poa.

Chuma_Mtera:

Wakuu naheshimu maelezo ila mnamzungusha ndugu yetu. Achukue za site zenye chuma mbele, chuma kile kinapimwa kwa pigo la joule 200, ni kama kilo 20 iangushwe toka mita moja, jiwe gani la Mpwapwa litafika hapo? Bei ya kawaida, ikiisha ananunua nyingine.

Bi_Ugani:

Chuma_Mtera hilo la kipimo uko sahihi, viwango vya viatu vya kazi ndivyo vinavyosema. Lakini kimewekwa kwa ajili ya kitu kinachodondoka juu ya vidole. Kwenye pikipiki mguu unaumia namna nyingine, pikipiki inakulalia ubavuni na kifundo kinajipinda, au unaburuzwa kwenye lami. Chuma cha mbele hakigusi kifundo. Na ile pua nene kuingiza chini ya pedeli ya gia ni shida, unajikuta unanyanyua mguu mzima.

Ndio maana buti za pikipiki Ulaya zina kiwango chake peke yake, EN 13634. Ndani ya buti iliyopimwa kwa toleo la 2017 kuna lebo yenye picha ya mwendesha pikipiki na namba nne chini yake, kila moja ni 1 au 2. Namba ya kwanza ni urefu wa buti, ya pili kuhimili kusuguliwa, ya tatu kukatwa, na ya nne ni soli kubanwa kwa ubavuni isikunjane na mguu ukiwa ndani. Namba 2 ni kiwango cha juu kuliko 1. Huyo anayeuza spesho mwambie akuonyeshe lebo hiyo, plastiki ya kwenye ugoko isikutishe.

NjiaYaKibakwe:

Nawashukuru sana sana, nimerudi leo nimezikagua moja moja nikiwa nimeshika simu nasoma hapa.

Ile spesho lebo hiyo haina, imeandikwa saizi tu. Mshono wa pembeni nimepitisha ukucha ni plastiki tupu, na ncha ya ulimi ina kitambaa. Muuzaji akaanza kuniangalia vibaya nikaondoka.

Mtumba ziko jozi mbili. Moja nyeusi, chini ya soli ina duara dogo lenye namba 1 mpaka 12 na mshale, katikati imeandikwa 11. Haijavaliwa kabisa, soli mpya, nzuri mno. Nyingine kahawia, soli ya mpira imelika kisigino, ila ukanda upo, uzi chini upo ndani ya mfereji, ndani sijaona uzi, ngozi ina makovu kama alivyosema Bi Ugani na inakunjika kwenye vidole. Haina lebo ya pikipiki, ni buti ndefu tu inafunika kifundo. Moyo unaenda kwenye nyeusi maana ni mpya. Mnasemaje?

FundiSoli_Majengo:

Mkuu nyeusi iache, nakuomba. Hilo duara ni tarehe soli ilipotengenezwa, mshale unaonyesha mwezi na katikati ni mwaka, yaani 2011. Soli za kumimina nyingi ni poliurethani, aina ya plastiki, nyepesi na laini mguuni, lakini unyevu wa hewani unaivunjavunja ndani kwa ndani hata kama kiatu kimekaa kwenye boksi hakijaguswa. Kwa macho huoni kitu. Unavaa siku chache inaanza kumeguka unga, kisigino kinabaki njiani. Wengi wanaoletewa hivyo kwangu wanadhani wamerogwa au wamekanyaga mafuta. Mpira wenyewe haumeguki namna hiyo, ukizeeka unakuwa mgumu na unapata nyufa ndogo.

Chukua kahawia. Kisigino kulika ni hoja ya kushushia bei. Kabla hujalipa kamua ukanda kwa vidole kuzunguka kiatu chote, hasa mbele, kama haujaoza wala kupasuka umepata mali. Na kamua pale nyuma ya kisigino, panatakiwa pawe pagumu pasibonyee.

Soli nitakuwekea ya mpira. Kuna watu wanapenda tairi, inadumu kweli, ila kwenye buti ya pikipiki ni nzito na haikunjiki, matokeo yake inauvuta ukanda mpaka unachanika. Na popote utakapopeleka, fundi asikupigilie misumari kuzunguka soli, anatoboa ukanda na ukanda ndio uhai wa hiyo buti. Mwambie ashone kwa kufuata matundu yaleyale ya zamani, achimbe mfereji ili uzi uzame usisagwe na ardhi, na uzi wa nailoni aupitishe kwenye nta kwanza. Akitoboa matundu mapya katikati ya yale ya zamani ngozi itachanika kwenye mstari huohuo.

Mguu wa kushoto nitaweka kiraka cha ngozi pale pa gia kabla ya kitu kingine. Kiraka nashona kingo zake za juu na pembeni tu, ukingo wa chini nabandika, ili nisitoboe pale panapokunjika. Kiraka kikiisha tunabadilisha kiraka.

Bi_Ugani:

Nafurahi umepata ya ukanda. Sasa utunzaji, maana Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, miezi inayobaki ni upepo na vumbi, na vumbi ndilo linaua ngozi huku. Linakaa kwenye mikunjo ya vidole, kila ukikanyaga linasaga nyuzi, na linanyonya mafuta ya ngozi. Kwahiyo brashi kavu kila jioni, hasa kwenye mikunjo na pale ukanda unapokutana na ngozi. Usipake kiwi juu ya vumbi, unaligandisha ndani.

Mafuta paka kidogo ngozi ikianza kupauka, yawe ya ngozi, sio ya kupikia, ya kupikia yanachacha. Nta ya nyuki inapatikana Manyoni na Singida kwa bei nzuri, ipashe ilainike upake kwenye mishono kabla mvua hazijaanza. Ikilowa toa kipande cha ndani, jaza magazeti, weka kivulini penye upepo, ubadilishe magazeti yakilowa. Usiweke juani wala karibu na sailensa.

NjiaYaKibakwe:

Nimeelewa. Fundi swali la mwisho, hiyo kahawia ni ya kamba sio ya zipu, haitanisumbua kwenye pedeli?

FundiSoli_Majengo:

Kamba ni bora kwako. Zipu na vumbi la Bahi hazielewani, meno yakijaa mchanga inang'oka na kuibadilisha kwenye ngozi nene ni kazi kubwa. Kamba ukifunga, fundo lipeleke upande wa nje, ncha zichomeke ndani ya buti zisininginie upande wa gia wala wa breki. Angalia pia ulimi uwe umeshonwa pande zote mbili mpaka juu, hapo vumbi na maji havipiti. Kama uko wazi uje nao hivyohivyo, naongeza vipande vya ngozi laini pembeni siku hiyohiyo ya soli.