Mjadala: Msanii wa Bongo atoe albamu, au singo zinatosha?

Wakuu, salaam.

Kijiweni kwetu Magomeni, kwenye banda la fundi redio, tuna utaratibu wa miaka mingi. Jumamosi jioni kila mmoja anataja albamu aliyoshinda nayo wiki hiyo. Sharti ni moja: uwe umeisikiliza yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Wiki iliyopita mama mmoja mwenyeji wa Tanga alikuja na Mtindo wa Mombasa ya Zein Musical Party. Jirani yake akataja Live and Die in Afrika ya Sauti Sol. Mimi nilikuwa na Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, ile iliyotoka Uingereza mwaka 1989.

Zamu ikamfikia dogo mmoja ambaye ni prodyuza, ana studio yake ndogo nyuma ya nyumba. Akasema: "Kaka, mimi sina albamu na wala sitafuti. Msanii akiachia nyimbo 15 siku moja, mbili zitapigwa, 13 kazizika mwenyewe. Bora atoe singo moja kila baada ya miezi miwili, watu waisubiri, aipigie video, aipeleke redioni, halafu ndio aje nyingine."

Hapo pakawaka. Fundi amefunga banda, sisi bado tumesimama nje tunabishana. Nimeona niulete mjadala huu hapa kwa wapenzi wengine wa muziki, maana sidhani kama ni wa kijiwe kimoja.

Msimamo wangu nausema mapema: msanii asiyetoa albamu ananipa nusu yake tu. Lakini nianze na hoja za dogo, kwa sababu anazo, na nyingine ni nzito.

Kwanza, pesa. Siku hizi muziki unalipwa kwa idadi ya watu waliousikiliza mtandaoni. Kwa Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki, wimbo unahesabiwa baada ya sekunde 30, na tangu mwaka 2024 wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 hauingizi kitu. Maana yake ni kwamba zile nyimbo 13 anazosema dogo zimezikwa, kwenye hesabu zimezikwa kweli. Kijana aliyekopa pesa ya studio huwezi kumwambia arekodi nyimbo ambazo hazitamrudishia hata nauli.

Pili, zama za albamu wala hazikuwa neema kwa wasanii. Tuliokuwepo enzi za kaseti tunajua. Wengi waliuza masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, kwa msambazaji kwa bei ya mara moja, kaseti zikaenda mpaka Kigoma na Mtwara, mwenye sauti asijue zimetoka ngapi. Mtu alikuwa na albamu iliyotikisa nchi na bado anapanda daladala amesimama. Kwa hiyo anayesema turudi kulekule simwelewi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyoniumiza kichwa. Aliitoa mzee mmoja ambaye kwa kawaida hunywa kahawa yake kimya. Alisema hata wazee wetu hawakuwa watu wa albamu. Siti binti Saad, yule gwiji wa taarab, alipokwenda Bombay mwaka 1928, alirekodi santuri ambazo upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi. Sina Makosa ya Les Wanyika ilienea Afrika Mashariki nzima kama wimbo mmoja, watu hawakuuliza umetoka albamu gani. Nyimbo za bendi za dansi, Sikinde na Msondo, zilirekodiwa Radio Tanzania na kwenda hewani mojamoja. Na kwenye zile santuri ndogo wimbo wa dansi ulikatwa vipande viwili, ukifika katikati ya utamu unainuka kwenda kugeuza sahani. Sasa, mzee akauliza, kama waliishi bila albamu na tunawaimba mpaka leo, huyu kijana mnamlazimishia nini?

Nililala nalo hilo swali. Jibu langu ni hili: ukumbi ndio ulikuwa albamu yao.

Aliyeingia ukumbi wa DDC Kariakoo kuwasikiliza Sikinde hakwenda kusikia wimbo mmoja akarudi nyumbani. Alikaa mpaka usiku mkubwa. Bendi ilianza taratibu, watu bado wanatafuta viti, ikapanda, ikateremka, ikaweka wimbo wa majonzi pale ambapo watu wamechoka kucheza, ikamalizia kwa sebene, magitaa yakichanganya, la kuwatoa jasho. Mwanamuziki akifanya hivyo kila wikiendi, mwaka hata haujaisha umeshamjua: anacheka wapi, analia wapi, anamsema nani. Wimbo wa redioni ulikuwa ni mwaliko tu. Ndani ya ukumbi ndipo ulipokutana na mwenyewe.

Msanii wa leo hana ukumbi wa kila wiki. Anapanda jukwaani kwenye tamasha, anapewa dakika zake chache, anapiga vibao vinne ambavyo kila mtu anavijua, anashuka. Tukimwondolea na albamu, tutamjua lini? Tutabaki na vibao vyake, mwenyewe hatumfahamu.

Niwape mfano wa nyumbani. Mwaka 2001 kaka yangu alikuja na kaseti ya Machozi, Jasho na Damu ya Profesa Jay. Redio yetu ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa na bajeti. Kurudisha kaseti nyuma kwa redio ilikuwa marufuku. Ulichomoa kaseti, ukachomeka kalamu kwenye tundu, ukazungusha mpaka vidole viume. Kwa hiyo tulipofika Ndio Mzee, yule mgombea anayeahidi kila kitu na umati unaitikia, tulicheka mpaka machozi, lakini hatukurudisha. Tuliacha kaseti iendelee mpaka ijizime yenyewe, tukageuza upande wa pili. Hivyo ndivyo nilivyozipenda nyimbo ambazo redioni sikuwahi kuzisikia. Mwanzoni nilizivumilia tu, na wiki ya tatu nikawa nazisubiri. Mtu mwenye kidole kwenye kitufe cha kuruka hapati nafasi hiyo, kwa sababu wimbo wa namna ile haukamati ndani ya sekunde 30.

Na msidhani nazungumzia ya kale tu. Chukueni I Am Zuchu ya Aprili 2020. Ni EP, yaani albamu fupi, nyimbo saba. Nyimbo za Wana na Hakuna Kulala mlizisikia kila kona. Lakini ndani yake kuna Mauzauza, aliyoimba na mama yake mzazi, Khadija Kopa. Ndipo nilipoelewa ile sauti imetoka wapi: binti wa Bongo Fleva amesimama pembeni ya malkia wa taarab, mistari inavutwa kimwambao, na unasikia kabisa kwamba kalelewa humo. Angetoa singo tupu ningesema ni binti mwenye sauti nzuri, basi. Kwa nyimbo saba nikajua ni binti wa nani na amebeba nini. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya albamu, hata ikiwa fupi.

Hapa nawageukia na wasanii wenyewe, kwa upendo. Mara nyingi mnachotuletea kwa jina la albamu ni kapu. Mwaka 2018 Diamond alipotoa A Boy from Tandale, nyimbo kama Number One na Nana tulikuwa tumezicheza kwenye harusi kwa miaka. Ni nyimbo kubwa, sibishi, na jina la albamu lilinipa hamu ya kusikia habari za Tandale. Lakini msikilizaji akikuta nusu ya chakula alishakila jana, keshokutwa ukimwita mezani hatakuja. Kama albamu inaonekana haina maana, sehemu ya lawama ni yenu. Pangeni nyimbo. Fikirieni ipi ifungue na ipi ifunge. Nyimbo nane zinazozungumza pamoja zinanitosha kuliko 20 za kujaza nafasi.

Wenzenu nje wanaupigania mpangilio. Novemba 2021 Adele alipotoa albamu yake, aliomba Spotify waondoe kile kitufe cha kuchanganya nyimbo kisiwe cha kwanza kwenye kurasa za albamu, na wakakiondoa. Alitaka nyimbo zisikike kwa utaratibu alioupanga. Mwanamuziki anayeijua kazi yake kiasi hicho namvulia kofia.

Turudi kwa Remmy nimalizie. Wengi wanamjua kwa Kipenda Roho, na wengine kwa kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy. Ila kaa na albamu nzima usikie Sauti ya Mnyonge, halafu urudi Kipenda Roho. Unasikia kuwa anayeimba mapenzi ni yuleyule anayewalilia wasio na kitu, na mapenzi yenyewe yanabadilika uzito. Wimbo mmoja mmoja kwenye simu yako, umechanganywa na wa watu wengine 30, hauwezi kukupa hilo.

Jana dogo alinipigia. Tumewekeana makubaliano. Mimi nisikilize albamu moja ya msanii wa kizazi chake, mara mbili, bila kuruka wimbo, halafu nimweleze kwa uaminifu ni nyimbo ngapi zilistahili kuzikwa. Kanichagulia The God Son ya Marioo ya mwaka 2024. Yeye nimempa Songs for the Poor Man kwa masharti hayohayo. Raundi ya kwanza nimeimaliza asubuhi ndani ya basi la mwendokasi, Kimara hadi Kivukoni na kurudi. Mpaka sasa, kwenye karatasi yangu nyimbo za kuzika ni tatu, sio 13. Ya pili naanza leo usiku.

Karibuni mchangie. Mnaosema singo zinatosha, njooni na hoja, hasa ninyi mnaolipia studio kwa pesa zenu. Na kila atakayechangia atuambie anasikiliza albamu gani wiki hii, na ndani yake wimbo upi anaupenda ambao redioni hajawahi kuusikia.

Naomba kuwasilisha.